Kushinda Hakumlindi Kocha

Februari 2021 mjini Yaoundé, muda wa mchezo ukiyoyoma, Tylor Ongwae aliruka na kuachilia mpira uliozama kikapuni na kuipa Kenya ushindi wa 74-73 dhidi ya Angola, nchi iliyokwisha kutwaa ubingwa wa Afrika mara 11. Dirisha lile la mechi ndilo lililoirejesha Kenya kwenye AfroBasket baada ya miaka 28. Mara ya mwisho ilikuwa 1993, mashindano yalipoandaliwa hapa Nairobi na Kenya ikamaliza ya nne. Kwenye benchi ya Morans, timu hiyo ya taifa ya wanaume, alikuwepo Liz Mills, raia wa Australia aliyekabidhiwa timu wiki chache tu kabla ya safari hiyo. Agosti mwaka huohuo, Kigali, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya taifa ya wanaume katika historia ya AfroBasket. Kenya iliifunga Mali, ikatoka katika kundi lililokuwa na Côte d'Ivoire na Nigeria, kisha ikatolewa na Sudan Kusini kwa tofauti ya pointi mbili.

Mwaka wa 2022 ulipofika na mechi za kufuzu Kombe la Dunia, Mills hakuwa tena na Morans. Alikuwa Morocco, akiinoa AS Salé na kuwa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu katika Ligi ya Afrika ya mpira wa vikapu, BAL. Mwaka uliofuata alikuwa Abidjan na ABC Fighters. Hapa kwetu timu ilirudi mikononi mwa makocha wazawa, ikapangwa kundi moja na Misri, Senegal na DR Kongo, na timu tatu zikasonga mbele. Kenya ndiyo iliyobaki. AfroBasket ya 2025 ilipochezwa Angola, Rwanda ilikuwepo, Uganda ilikuwepo, Sudan Kusini na Madagaska pia. Kenya haikuwepo.

Ni rahisi kulisoma hilo kama hadithi ya mwanamke aliyeshinda akanyimwa haki yake, na watu wengi wameisoma hivyo. Nami naona alistahili kuendelea. Lakini anayetaka kulielewa jambo hili hana budi kurudi nyuma hatua moja, kwa sababu Mills mwenyewe aliingia kwa mlango uleule aliotokea.

Kabla yake alikuwepo Cliff Owuor. Julai 2019, mjini Bamako, Owuor aliiongoza Kenya hadi fainali ya AfroCan, mashindano ya wachezaji wanaocheza barani humu, na kurudi na medali ya fedha baada ya kufungwa na DR Kongo. Timu ile haikuwa na mshahara wa kuringia wala kambi ndefu ya mazoezi, na bado ilicheza fainali ya bara. Kisha likapita dirisha la kwanza la mechi za makundi za AfroBasket, Kigali, Novemba 2020, na Januari 2021 usukani ukawa wa Mills. Kocha aliyeleta medali ya fedha aliondolewa, mwenzake akaleta tiketi ya AfroBasket, naye akaenda zake.

Hapo pana ugumu ambao mashabiki hawapendi kuutazama. Ukipima kwa matokeo tu, kumwondoa Owuor kulizaa ushindi mkubwa kuliko wowote ambao Morans wameupata katika kizazi kizima. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kila anayemwondoa kocha mshindi amekosea. Ninachosema ni kingine: mara zote mbili sisi wa nje hatukuambiwa kocha alipimwa kwa kigezo gani. Je, Owuor aliambiwa mapema kwamba fedha ya Bamako haitoshi? Je, Mills aliambiwa kwamba kuvuka makundi Kigali ndiyo alama ya kufaulu, au kwamba ilikuwa lazima afike robo fainali? Kama maandishi hayo yapo, hayajawahi kuwekwa hadharani. Na pasipo kipimo kilichoandikwa, ushindi unakuwa habari njema ya siku mbili tatu, haumpi kocha haki yoyote ya kudai kesho yake.

Wengi wakisikia kocha amepigwa kalamu hudhani ameandikiwa barua ya kumfuta kazi. Nairobi mara nyingi hakuna barua. Kuna mkataba wa shindano moja, au wa msimu mmoja, unaoisha kimyakimya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ni kali kwa mwajiri anayemfuta mtu: kifungu cha 41 kinamtaka amsikilize kwanza, cha 43 kinamtwika mzigo wa kuthibitisha sababu, cha 45 kinakataza kumwachisha mtu kazi isivyo haki, na cha 49 kinairuhusu mahakama kumlipa aliyeonewa hadi mshahara wa miezi 12. Ulinzi wote huo unasimama juu ya jambo moja, nalo ni kwamba kazi ilikatizwa. Mkataba wa muda maalumu ukifika tarehe yake haujakatizwa na mtu; umeisha. Majaji wa Mahakama ya Ajira pale Milimani wamelirudia hilo katika kesi za watu wa fani mbalimbali: kwa kawaida, mkataba wa muda maalumu haumpi mfanyakazi haki ya kutarajia mwingine. Kwa hiyo shirikisho likitaka kuachana na kocha aliyeshinda, halihitaji kumshtaki kwa lolote. Linahitaji kutopiga simu tu.

Wanaokatiza mkataba kwa pupa ndio wanaolipia, na tumelipa sana. Desemba 2013 Adel Amrouche aliipa Harambee Stars, timu ya taifa ya soka, kombe la CECAFA uwanjani Nyayo, Kenya ikiifunga Sudan 2-0. Agosti 2014, baada ya kutolewa na Lesotho, akafutwa. Alikwenda kudai FIFA, na deni likafika zaidi ya shilingi milioni 100. Miaka ikapita bila kulipwa hadi Kenya ikatishiwa kuzuiwa kushiriki mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2022. Bobby Williamson aliyemrithi, naye alipoondolewa alikwenda mahakamani hapahapa nchini na kupewa fidia ya shilingi milioni 55. Mashirikisho mengine yaliyaona hayo. Hofu yangu ni kwamba hayakujifunza kuwatendea makocha haki, yalijifunza kuandika mikataba mifupi.

Oktoba 2020 Francis Kimanzi aliifunga Zambia 2-1 uwanjani Nyayo katika mechi ya kirafiki. Haikupita wiki mbili shirikisho likatangaza kwamba wameachana kwa maelewano, na timu akakabidhiwa Jacob "Ghost" Mulee huku mechi dhidi ya Komoro zikiwa zinabisha hodi mwezi uliofuata. Kimanzi ndiye aliyekuwa na timu mwaka 2008, Kenya ilipopanda hadi nafasi ya 68 duniani, ambayo haijawahi kuifikia tena. Mapema mwaka 2009 nafasi yake ilikwenda kwa Mjerumani Antoine Hey. Mtu mmoja, mara mbili, na mara zote mbili timu haikuwa inazama.

Lakini kisa kinachoeleza zaidi kuliko vyote hakikutokea Nyayo wala Kasarani. Kilitokea upande wa magharibi wa jiji, Barabara ya Ngong, kwenye uwanja wa RFUEA, nyumbani kwa raga ya Kenya. Tarehe 17 Aprili 2016 Benjamin Ayimba aliiongoza timu ya raga ya wachezaji saba kuinyuka Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore, ubingwa wa kwanza wa Kenya katika mzunguko wa dunia. Watu waliokuwa wakiishi Kilimani, Woodley na Jamhuri wakati ule wanakumbuka Jumapili hiyo. Miezi minne baadaye Kenya ilimaliza ya 11 katika Olimpiki ya Rio, na kabla mwaka haujaisha timu ilikuwa ya Innocent Simiyu. Ayimba alifariki Mei 2021, akiwa bado ndiye kocha pekee aliyeishindia Kenya duru ya mzunguko ule.

Simiyu naye hakuwa mzembe. Msimu wa 2017/18 Kenya ilikusanya pointi 104, nyingi kuliko msimu wowote uliotangulia, ikamaliza ya nane, na kucheza fainali mbili mfululizo: Vancouver mwezi Machi na Hong Kong mwezi Aprili, zote dhidi ya Fiji. Kabla ya msimu uliofuata kuanza alikuwa ameondoka. Aliyemfuata, Paul Murunga, alipata timu iliyopoteza wachezaji wake nguli, na msimu wa 2018/19 ukaisha kwa pointi 37 na nafasi ya 13. Kenya iliponea chupuchupu kushushwa daraja. Mwaka 2020 waliohusika walimrudisha Simiyu huyohuyo aipeleke timu Olimpiki ya Tokyo.

Kati ya zile fainali mbili na kuondoka kwake kuna tukio ambalo ni lazima lisemwe. Juni 2018, katika mashindano ya Paris, wachezaji waliingia uwanjani wakiwa wamefunika nembo ya mdhamini, Brand Kenya, kifuani mwao. Walikuwa wakidai marupurupu waliyosema waliahidiwa na hayakulipwa. Dunia nzima iliona. Serikali ilikasirika, chama kikatahayari, na kocha akajikuta kati ya wachezaji waliokuwa wakidai haki yao na ofisi iliyokuwa ikidai utiifu.

Nafasi hiyo ya katikati ndiyo inayowamaliza makocha wetu, na hapo ndipo ninapoona kiini cha suala zima. Katika klabu ya Ulaya au Marekani kocha hana kazi ya kuuliza posho za wachezaji ziko wapi. Hapa yeye ndiye mtu wa kwanza kuulizwa. Mchezaji asipopata nauli ya kutoka Kawangware au Kangemi kuja mazoezini, humpigia kocha. Tiketi za ndege zikichelewa, kocha ndiye anayewatuliza vijana hotelini. Akikaa kimya, wachezaji wanamwona msaliti na hawatamchezea kwa moyo. Akisema, ofisi inamwona mchochezi. Na jinsi anavyoshinda zaidi ndivyo anavyolazimika kusema zaidi, kwa maana ushindi huongeza safari, huongeza siku za kambi, huongeza bonasi zilizoahidiwa mbele ya kamera. Timu inayotolewa raundi ya kwanza haimdai mtu kitu. Timu inayocheza fainali inadai. Kwa mtazamo huo, kocha mshindi ni gharama, na ofisi isiyo na fedha humwogopa kuliko inavyomwogopa anayeshindwa.

Sijui njia nyingine ya kueleza kwa nini jambo hili linajirudia katika michezo isiyohusiana, chini ya viongozi tofauti. Kwenye voliboli, Januari 2020, Paul Bitok aliifuzisha timu ya wanawake, Malkia Strikers, kwa Olimpiki kwa mara ya kwanza tangu Athens 2004. Timu ilipofika Tokyo, kocha mkuu alikuwa Mbrazili Luizomar de Moura, aliyekuja kupitia mpango wa msaada wa shirikisho la dunia. Msaada ule ulikuwa wa kweli na mabinti walinufaika. Walicheza mechi tano na kupoteza zote bila kushinda seti. Silisemi hilo kumlaumu de Moura, kwani Bitok angekutana na Brazil, Serbia na Japani zilezile. Ila ona jinsi kocha mzawa anavyoaminiwa kulima na kupalilia, kisha siku ya mavuno anaitwa mgeni. Na kocha mgeni, kama Mills, anaitwa wakati wa shida na kuachwa shida ikipungua. Wote wawili wanatendewa kama vibarua.

Watetezi wa mashirikisho husema hata Marekani hufanya hivyo, nao hawakosei. Mfano ulio karibu nasi kuliko tunavyodhani ni wa Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya. Mei 2018, akiwa rais wa Toronto Raptors, Ujiri alimfuta kazi Dwane Casey baada ya msimu wa ushindi 59, mwingi kuliko wowote katika historia ya klabu. Mwezi uliofuata NBA ikamtangaza Casey kuwa kocha bora wa mwaka. Msimu mmoja baadaye Toronto ilitwaa ubingwa wa kwanza, chini ya Nick Nurse. Golden State ilimwondoa Mark Jackson mwaka 2014 baada ya ushindi 51, ikamleta Steve Kerr, ikawa bingwa 2015. Upande wa pili wa mizani, Denver ilimfuta George Karl mwaka 2013 baada ya ushindi 57 na tuzo ya kocha bora, na msimu uliofuata ikashinda mechi 36 na kukosa mchujo. Mwaka 2025 Denver hiyohiyo ilimwondoa Michael Malone, aliyeipa ubingwa 2023, zikiwa zimebaki mechi tatu msimu wa kawaida uishe. Wiki chache baadaye New York Knicks wakamfuta Tom Thibodeau, aliyekuwa amewafikisha fainali ya Mashariki kwa mara ya kwanza tangu 2000.

Basi wenzetu nao hufuta, na wakati mwingine hupatia, na kupatia kwenyewe huchanganyika na bahati. Toronto ile haikupata kocha mpya tu; ilimpata pia Kawhi Leonard. Lakini katika visa vyote hivyo sababu inajulikana kwa mtu yeyote anayefuatilia. Casey alitolewa na Cleveland miaka mitatu mfululizo, miwili ya mwisho bila kushinda mechi hata moja. Aliyemfuta alijitokeza mbele ya waandishi, akaubeba uamuzi kwa jina lake, na kama ungeharibika ungemharibikia yeye. Isitoshe, kocha wa NBA akifutwa mkataba ukiwa unaendelea, kwa kawaida hulipwa kilichobaki. Casey alipata kazi Detroit mwezi uleule aliotuzwa. Kwetu kocha huondoka mikono mitupu, na aliyemwondoa hajulikani, kwa sababu uamuzi ni wa kamati, na kamati haina uso. Anayetaka kuiga ukali wa Ujiri aanze kwa kuiga uwazi wake.

Mfano ninaouthamini zaidi hauko Amerika. Uko kwa jirani, na ni timu ileile iliyotutoa Kigali kwa pointi mbili. Sudan Kusini ilikuwa inacheza AfroBasket yake ya kwanza, Royal Ivey akiwa kocha na Luol Deng akiwa rais wa shirikisho. Walitolewa robo fainali na Tunisia. Hakuna aliyekimbilia kubadilisha benchi. Ivey alibaki, akaifuzisha nchi kwa Kombe la Dunia la 2023, kutoka huko akapata tiketi ya Olimpiki, na Julai 2024 timu yake ikaihangaisha Marekani London na kufungwa 101-100, kisha ikaifunga Puerto Rico katika Olimpiki mjini Lille. Nakubali kwamba Deng ana jina na mfuko ambao hakuna kiongozi wa vikapu Nairobi aliye nao, na kwamba Sudan Kusini ina vijana warefu waliokulia Australia na Marekani. Hayo ni kweli. Hata hivyo siku ile ya Kigali timu hizi mbili zilitenganishwa na kikapu kimoja. Miaka mitatu baadaye moja ilikuwa Olimpiki na nyingine ilikuwa inatafuta tena kocha, mpango na nauli. Fedha zinaeleza sehemu ya pengo hilo. Subira inaeleza sehemu nyingine, na subira haihitaji bilionea.

Ngazi ya klabu ina sura tofauti kidogo. Kwa miaka mingi klabu kubwa za vikapu Kenya zimekuwa za taasisi: Ulinzi ni ya jeshi, KPA ya bandari, Equity ya benki, Strathmore kule Madaraka ya chuo kikuu. Kocha wa klabu kama hizo mara nyingi ana kazi nyingine au mwajiri mkubwa nyuma yake, kwa hiyo akitolewa benchi hakosi chakula. Hilo lilipunguza maumivu, lakini lilidumaza taaluma: ukocha ukabaki kazi ya jioni, ya kujitolea, isiyo na mkataba unaostahili jina hilo. Nairobi City Thunder wameanza kubadilisha hali. Ni klabu ya wawekezaji, na mwaka 2025 ilikuwa timu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, ikiongozwa na Mmarekani Bradley Ibs. Ilitolewa katika hatua ya makundi kule Kigali. Kadiri fedha zinavyoingia ndivyo wenye fedha watakavyotaka matokeo haraka, na tutaona makocha wakifutwa wazi zaidi kuliko zamani. Sioni ubaya, mradi kuwe na mkataba wa miaka inayotajwa, malengo yanayosomeka na malipo ya kuukatiza. Kocha anayefutwa kwa masharti aliyoyatia sahihi anaweza kunyanyua kichwa na kutafuta kazi Kampala au Kigali. Anayeachwa bila neno hubaki na fununu zinazomfuata kila aendako.

Kwa timu za taifa ninatamani zaidi ya hapo, kwa kuwa fedha zinazozisafirisha ni za umma. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliunda Msajili wa Michezo na Jopo la Kusuluhisha Migogoro ya Michezo. Taasisi zipo. Kinachokosekana ni sharti moja: shirikisho lolote linaloomba fedha za Serikali kupeleka timu nje liweke wazi mkataba wa kocha wake mkuu, malengo yake, na tathmini iliyoandikwa ndani ya siku 30 baada ya mashindano, aendelee au asiendelee. Na posho za wachezaji zishughulikiwe na ofisa mwingine kabisa, ambaye jina na simu yake wachezaji wanavijua, ili kocha asiwe tena mjumbe wa habari mbaya pande zote mbili. Gharama yake ni karatasi na mshahara wa mtu mmoja. Kama sharti hilo lingekuwepo Septemba 2021, Wakenya wangesoma ni kwa nini Mills hakuendelea, na huenda wengine wetu tungekubaliana na uamuzi ule. Aliyechukua timu baada yake angeanza akiwa na tathmini ya Kigali mkononi, akijua nani alichoka, nani alikua, na zile pointi mbili zilipotelea wapi.